Svalbard au Antaktika: Kwa Mwenye Nafasi ya Safari Moja tu ya Barafu

Mgeni njoo, mwenyeji apone. Sasa fikiria kwenda mahali ambako mwenyeji hayupo kabisa. Hakuna wa kukukaribisha maji, hakuna wa kukuuliza habari za utokako, hakuna mjumbe wa nyumba kumi wala polisi wa zamu. Ndiyo Antaktika hiyo: bara la takriban kilomita za mraba milioni 14, kubwa kuliko Ulaya nzima, ambalo watu wake ni wanasayansi na mafundi wanaokuja kwa zamu na kuondoka. Huku juu kabisa ya ramani, karibu na ncha ya kaskazini, kuna Svalbard, visiwa vilivyo chini ya Norwe. Huko mwenyeji yupo, tena mwenyeji mwenye masharti. Kuna mji wa watu wapatao 2,500, kuna gavana, kuna shule, na ukiingia katika hoteli nyingi utaambiwa uvue viatu mlangoni, desturi iliyobaki tangu wachimba makaa ya mawe walipokuwa wakirudi na masizi miguuni. Paka hawaruhusiwi kufugwa, kwa ajili ya ndege wanaotaga chini.

Nimefanya kazi ya kuongoza wageni porini kaskazini mwa Tanzania kwa miaka, na kila msimu napata Mswahili mmoja au wawili, mara nyingi wa kutoka ughaibuni, ambao wameshapanda Kilimanjaro, wameiona theluji yetu inavyokonda, na sasa wanataka barafu ya kweli. Maswali yao huja kwa mpangilio uleule: bei gani, nitaona wanyama gani, nivae nini. Mimi huwarudisha nyuma kidogo. Swali la kwanza ni hili: huko uendako, nani mwenye amri? Jibu lake ndilo litakaloamua utashuka wapi, utamkaribia mnyama kwa hatua ngapi, nani atakuja ukivunjika mguu, na hata bei yenyewe.

Penye gavana

Svalbard ina karatasi zake. Mkataba uliotiwa saini Paris mwezi Februari 1920 uliipa Norwe mamlaka juu ya visiwa hivyo, kwa sharti kwamba raia wa nchi nyingine zilizoafiki wasibaguliwe. Ndiyo maana mpaka leo Svalbard yenyewe haidai viza kwa mtu yeyote, na ndiyo maana utakuta huko kijiji cha Warusi cha Barentsburg kikiendelea na maisha yake. Gavana anayekaa Longyearbyen, ule mji wa watu 2,500, ndiye mkuu wa polisi, ndiye msimamizi wa mazingira, na ndiye mwenye helikopta za uokoaji. Ukivunja sheria, unajua faini itatoka ofisi gani.

Na sheria zimekazwa hivi karibuni. Kuanzia Januari 1, 2025, meli inayoingia katika maeneo yaliyohifadhiwa haitakiwi kubeba abiria zaidi ya 200, na katika maeneo hayo abiria wanaruhusiwa kushuka kwenye vituo 43 tu vilivyotajwa kwenye orodha. Kumbuka kwamba takriban theluthi mbili ya ardhi ya Svalbard imehifadhiwa, kwa hiyo hili si jambo la pembeni. Kwa dubu weupe, lazima ukae umbali wa mita 300. Kati ya Machi 1 na Juni 30, mita 500. Mita 300 ni karibu viwanja vitatu vya mpira vikiwekwa kichwa kwa mkia. Mtu aliyezoea Seronera kule Serengeti, ambako simba huja kulala kwenye kivuli cha gari lako, ataona dubu kama punje ya mchele juu ya karatasi. Waendeshaji wa ziara walilalamika sana, na kwa upande wa biashara nawaelewa. Lakini nimeona magari thelathini yakimzingira chui mmoja juu ya mti, dereva huyu akimpigia mwenzake redio, yule mwingine akikata kona nje ya barabara, na sijawahi kuamini kwamba chui yule alikuwa anafurahia.

Ukitaka mfano wa karibu na kwetu, usiangalie Serengeti, angalia sokwe wa milimani. Uganda na Rwanda huruhusu wageni wanane kwa kundi moja la sokwe, saa moja tu, kwa kibali cha dola 800 upande wa Uganda na 1,500 upande wa Rwanda. Wachache, muda mfupi, bei juu, na askari wa hifadhi anayekuambia basi, tuondoke. Svalbard imechukua njia hiyohiyo, isipokuwa haijapandisha bei ya mlangoni: mgeni hulipa ada ya mazingira ya kroni 150 iliyofichwa ndani ya tiketi yake ya ndege au meli, na fedha hiyo huenda kwenye mfuko wa kutunza visiwa.

Pasipo na gavana

Antaktika nako kuna mkataba, tena maarufu zaidi. Nchi 12 ziliutia saini Washington tarehe 1 Desemba 1959, Afrika Kusini ikiwa ya pekee kutoka Afrika. Madai ya nchi saba juu ya ardhi hiyo yaliwekwa kando, si kufutwa, na bara likaachwa kwa amani na sayansi. Mwaka 1991 ikaongezwa itifaki ya mazingira iliyosainiwa Madrid, inayokataza uchimbaji wa madini na kudai kila shughuli, utalii ukiwemo, ipimwe madhara yake kwanza.

Ila mkataba si gavana. Hakuna mlinzi wa bara. Kampuni ya watalii hupata kibali kutoka nchi mojawapo mwanachama, na baada ya hapo anayehakikisha mambo yanakwenda sawa kila siku ni kampuni zenyewe, kupitia umoja wao uitwao IAATO, uliozaliwa mwaka huohuo wa 1991 ukiwa na kampuni saba. Hapa ndipo watu wengi hushtuka: bara zima, na anayechunga geti ni chama cha wafanyabiashara! Mimi pia nilishtuka. Lakini tuwape haki yao. Meli yenye abiria zaidi ya 500 haishushi mtu hata mmoja. Wasizidi watu 100 nchi kavu kwa wakati mmoja katika kituo kimoja. Mwongozaji mmoja kwa kila wageni 20. Umbali wa mita tano kutoka kwa pengwini uheshimiwe, na akikukaribia yeye, wewe ndiye unayempisha. Meli hupeana ratiba kabla ya msimu ili zisigongane vituoni. Ndiyo sababu abiria hurudi wakisimulia upweke ambao kwa kweli umepangwa mezani.

Mambo madogo ndiyo yanayonifurahisha. Kabla ya kushuka, mnakaa kwenye ukumbi wa meli mkifyonza mifuko ya makoti yenu kwa mashine ya kusafishia mazulia, mkichokonoa nyayo za buti kwa sindano na kutafuta mbegu. Si mchezo. Nyasi ngeni za kutoka Ulaya zimeshaota katika kisiwa cha King George, zikiwa zimebebwa na binadamu. Na tangu mafua ya ndege yalipoanza kusambaa upande huo, wageni wanatakiwa wasikae chini, wasipige magoti, wala wasiweke begi kwenye theluji karibu na wanyama. Picha ile ya kulala kifudifudi mbele ya pengwini, sahau.

Udhaifu wake ni mmoja, na ni mkubwa. Nchi 29 zenye sauti ya uamuzi katika mkataba huamua kwa kukubaliana wote; mmoja akikataa, hakuna kitu. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 watalii hawakufika 10,000 kwa msimu. Msimu wa 2023/24 walipita 120,000, ukihesabu na wale waliokaa melini bila kushuka. Masharti ya kila kituo yanaweza kuheshimiwa kikamilifu na bado jumla ikaendelea kupanda, kwa sababu hakuna aliyepewa kazi ya kusema jumla imetosha. Mkutano wa Helsinki wa 2023 uliamua kuanza kutengeneza mfumo kamili wa kusimamia utalii huo. Kuanza, nasema. Waliowahi kukaa kwenye vikao vya kutafuta maafikiano wanajua umbali kati ya kuanza na kumaliza.

Karatasi na nauli

Hapa nitakwenda haraka, ila kuna mtego mmoja upande wa Svalbard unaohitaji kusimama. Nimesema visiwa havidai viza. Lakini ndege zinazofika huko hutoka Oslo au Tromsø, na ili ufike Oslo, mwenye pasipoti ya Tanzania, Kenya, Uganda, Burundi, Rwanda au Kongo anahitaji viza ya Schengen, ile ya pamoja ya nchi nyingi za Ulaya. Svalbard iko nje ya Schengen. Maana yake unatoka Schengen ukienda visiwani, na unaingia tena ukirudi. Viza ya kuingia mara moja inakuacha huko juu bila njia halali ya kurudi Oslo. Kwenye fomu omba kuingia mara mbili au zaidi, na ueleze kwa nini. Ada ni ileile, euro 90. Ndugu zetu wenye makazi halali Ulaya wana nafuu kubwa hapa, na kusema kweli ndio wengi ninaowaona wakienda.

Antaktika haina viza pia, kwa kuwa hakuna wa kuigonga. Utahitaji ruhusa ya nchi ya kupitia, mara nyingi Argentina, kwani meli nyingi hung'oa nanga Ushuaia, mji wa kusini kabisa mwa Argentina. Argentina ina ubalozi Nairobi. Anzia hapo mapema, kabla hujalipa amana ya meli. Ndege ipo kupitia Addis Ababa na São Paulo hadi Buenos Aires, kisha ndege ya ndani ya nchi hadi Ushuaia, saa tatu na nusu hivi.

Fedha: kwa safari ya kawaida ya siku kumi ya meli kwenda Antaktika, tenga dola 7,000 hadi 15,000 kwa kichwa, bila nauli ya ndege. Svalbard kwa siku nne au tano, ukilala hosteli, ukifanya ziara mbili za mchana na kujipikia ugali wako, inawezekana kwa chini ya dola 2,000 ukianzia Oslo. Mboga ghali, usiseme sikukuambia. Kuzunguka visiwa kwa meli ndogo wiki nzima ni habari nyingine; hapo bei inaanza kukaribiana na ya kusini.

Bahari na dubu

Watu huniuliza wapi ni hatari zaidi. Ni hatari za aina mbili tofauti, na ni vizuri ujue unayoiweza.

Kusini, hatari ni maji. Kutoka Ushuaia unavuka Mlango wa Drake, kama kilomita 800 za bahari isiyozuiwa na nchi kavu popote kuzunguka dunia, siku mbili kwenda na mbili kurudi. Aliyewahi kutapika kwenye boti ya Pemba wakati wa kusi anajua ninachosema, kisha azidishe. Ipo njia ya kuruka kwa ndege kutoka Punta Arenas, Chile, hadi King George kwa saa mbili hivi, kwa bei ya juu zaidi na kwa kutegemea ukungu. Tarehe 23 Novemba 2007 meli ya Explorer, ambayo tangu 1969 ndiyo iliyofungua njia ya safari hizi, iligonga barafu karibu na visiwa vya South Shetland ikazama. Watu wote 154 waliokolewa, na aliyewaokoa hakuwa walinzi wa pwani. Ilikuwa meli nyingine ya watalii iliyokuwa karibu. Kule jirani yako ni meli yenye ratiba kama yako. Ndiyo maana kampuni haikupokei bila bima ya kuhamishwa kwa dharura, na bima hiyo isome mstari kwa mstari.

Kaskazini, hatari ina miguu minne. Dubu wapatao 300 huishi kwenye visiwa hivyo mwaka mzima. Ukitoka nje ya mji utaona kibao cha pembetatu chenye dubu mweupe na maneno ya Kinorwe yasemayo kwamba onyo hilo linahusu Svalbard nzima. Kutoka bila vifaa vya kumtishia dubu ni kosa la kisheria, na waongozaji hubeba bunduki. Mjini kwenyewe bunduki haziingii dukani. Agosti 2020 dubu alimuua mtu kwenye uwanja wa kambi karibu na uwanja wa ndege, si jangwani. Kwa mgeni, tafsiri yake ni rahisi: huwezi kutembea peke yako kama unavyozunguka Lushoto. Kila hatua nje ya mji ni ya kulipia mwongozaji. Lakini ukiugua, hospitali ndogo iko pale Longyearbyen, na Tromsø iko mbali kwa saa chache tu za ndege. Kwa mwenye kisukari, presha, au mzazi wa miaka sabini, hilo pekee linamaliza mjadala.

Utaona nini, lini

Pengwini hayuko kaskazini, dubu mweupe hayuko kusini. Naliandika kwa sababu bado nauliziwa.

Antaktika ina msimu mmoja, Novemba hadi Machi. Novemba theluji ni safi na pengwini wanajenga viota vya kokoto na kuibiana kokoto hizo. Januari vifaranga wamejaa na harufu ya mavi imejaa pia. Februari na Machi ni zamu ya nyangumi. Kwa wingi wa viumbe mbele ya macho yako, kusini inashinda bila kubishana. Nyika ya Serengeti wakati wa kuhama nyumbu ndicho kitu pekee ninachoweza kukifananisha.

Svalbard inabadilika kama nchi nne tofauti. Katikati ya Novemba hadi mwisho wa Januari ni giza tupu, na mwanga wa rangi angani mchana kweupe, kama mchana una maana tena. Machi na Aprili jua limerudi, theluji ngumu, watu husafiri kwa mbwa na pikipiki za theluji. Kutoka karibu Aprili 20 hadi Agosti 23 jua halizami. Mwenye kufunga au kuswali atahitaji fatwa kabla ya tiketi. Julai unaweza kutembea na sweta, joto likiwa nyuzi sita au saba. Paa wafupi wa miguu, wale reni wa huko, hupita kati ya nyumba kama mbuzi wa mtaani.

Moshi wako

Sehemu hii wauzaji wa safari huipita. Mafuta mazito ya meli, yale meusi kama lami, yamepigwa marufuku katika maji ya Antaktika tangu Agosti 2011, na Svalbard nayo imeyafungia. Vizuri. Lakini mafuta mepesi nayo yana masizi, na masizi yakitua juu ya theluji huifanya inyonye jua. Utafiti uliochapishwa 2022 ulikadiria kwamba masizi yanayotokana na safari hizo huharakisha kuyeyuka kwa takriban tani 83 za theluji kwa kila mtalii mmoja. Tani 83 ni malori kadhaa. Kwa upande wa Svalbard sina takwimu kama hiyo ya kuweka mezani, ila mtu aliyeruka saa tatu kutoka Oslo na kulala mjini hachomi kama mtu aliyekaa siku kumi kwenye meli, hilo halihitaji mtafiti.

Mimi ningesemaje

Kama una moyo wa pengwini tangu utotoni, umeweka akiba, na bahari haikusumbui, nenda Antaktika, na uchague meli kwa idadi ya abiria kabla ya kuangalia chakula au vyumba. Meli ya watu 100 inawashusha wote mara moja. Ya watu 200 inawagawa zamu mbili, nusu yenu mkisubiri. Ya 499 ina ruhusa, lakini hesabu mwenyewe saa ngapi utakanyaga theluji. Ile ya zaidi ya 500 ni bei nafuu ya kuangalia bara kupitia dirishani. Uliza pia kama kampuni ni mwanachama wa IAATO. Akikwepa swali hilo, kata simu.

Kwa waliobaki, ambao ndio wengi, nasema Svalbard, mwezi Aprili. Si kwa sababu ni rahisi tu. Ni kwa sababu ukienda huko unakuwa mgeni wa mtu: unanunua mkate kwa jirani, unasikia wachimbaji wa mwisho wakisimulia mgodi uliofungwa mwaka 2025, unamwona mtoto akienda shule, na sheria ikikuzuia unajua ni nani kaiandika na kwa nini. Kwa mtu wa kutoka kwetu ambaye ameona hifadhi zikibishaniwa na wanakijiji, wawekezaji na serikali, hayo ni mambo ya kuangalia kwa karibu kuliko dubu wa mita 300.

Ukifika, panda juu kidogo ya uwanja wa ndege, pamoja na mwongozaji, utaona mlango wa zege ukichomoza mlimani. Ni ghala la mbegu za dunia, lililofunguliwa Februari 26, 2008. Siku hiyo kisanduku cha kwanza kiliwekwa ndani na waziri mkuu wa Norwe akiwa pamoja na Wangari Maathai wetu. Mlango haufunguliwi kwa watalii, na hakuna bei ya kuufungua. Utapiga picha ukiwa nje, vidole vikianza kufa ganzi, kisha mwongozaji atasema twendeni.